Kompyuta Haioni Meza: Kwa Nini Mashine ya CNC Hukata Duara Lisilo Duara

Siku hizi mashine ya CNC si kitu cha kwenda kushangaa kwenye viwanda vikubwa pekee. Karakana za samani za Dar es Salaam na Nairobi huitumia kuchonga milango na vitanda, wakereza vyuma hufunga mota kwenye mashine kuukuu za mkono, na vijana wa vyuo vya ufundi hujiundia zao kwa vipande vilivyoagizwa kupitia intaneti. Pamoja na mashine hizo yamekuja malalamiko yanayofanana kila mahali. Mteja aliyeambiwa kwamba kompyuta haikosei anakabidhiwa kipande chenye tundu la milimita 60 ambalo beringi yake inaingia upande mmoja na kugoma upande wa pili. Fundi anailaumu programu, aliyeuza programu anailaumu mota, na aliyeuza mota anashauri inunuliwe nyingine yenye nguvu zaidi. Mara nyingi wote watatu wamekosea, kwa sababu wamechanganya mambo mawili ambayo kila moja lina dawa yake: ulegevu wa vyuma na tabia ya mota.

Tuanze na maneno yenyewe. Mashine ya CNC ni mashine ya kukata, kuchonga au kukereza ambayo kazi ya mikono iliyokuwa ikizungusha magurudumu imekabidhiwa mota, na mota hizo hupata amri zake kwa namba kutoka kwenye kompyuta. Wazo hili lina umri: chuo cha MIT cha Marekani kilionyesha hadharani mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa kwa namba mwaka 1952, enzi za amri kusomwa kutoka kwenye utepe wenye matundu. Mhimili ni njia moja ya mwendo: X ni kulia na kushoto, Y ni mbele na nyuma, Z ni juu na chini. Kwenye kila mhimili mota huzungusha skrubu ndefu, skrubu hupita ndani ya nati, na nati imefungwa kwenye sehemu inayosogea, kwa mfano meza iliyobeba kazi. Skrubu ikizunguka mara moja, meza husogea umbali wa kutoka jino hadi jino, na kwenye mashine ndogo umbali huo mara nyingi huwa milimita 5.

Jino la skrubu ya kawaida haliwezi kubana kabisa ndani ya nati, maana likibana halitazunguka. Lazima ubaki upenyo. Skrubu inapoisukuma meza kulia, jino huegemea ukuta mmoja wa nati. Inapogeuza kwenda kushoto, jino huuacha ukuta ule, huvuka upenyo, ndipo huugusa ukuta wa pili na kuanza kusukuma upya. Katika safari hiyo fupi mota inazunguka na meza imesimama. Ulegevu huo ndio mafundi wetu wanaouita plei, neno lile lile wanalolitumia kwa usukani wa gari kuukuu, ambao unauchezesha kushoto na kulia na magurudumu hayana habari. Dereva wa gari la namna hiyo anajua kwamba kwenye kona moja ndefu plei haimsumbui; humsumbua pale anapougeuza usukani. Hata kwenye mashine ni hivyo hivyo. Meza ikienda upande mmoja tu, plei imelala. Inaamka kwenye mgeuko.

Kuhusu mota, msomaji atakutana na aina mbili. Mota ya hatua hutembea kwa vipande: kwa kawaida hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na kifaa chake cha umeme kikiigawa kila hatua mara 10, mzunguko unakuwa na vipande 2,000. Kwenye skrubu ya milimita 5 kila kipande ni sawa na milimita 0.0025, na hapo ndipo hadaa ya kwanza huzaliwa, kwa kuwa tangazo la mashine litaiandika namba hiyo kana kwamba ndiyo usahihi wake. Ukweli ni kwamba hatua zikigawanywa zaidi mwendo hulainika, lakini plei haipungui hata unywele, na mota ikizidiwa na mzigo hupoteza hatua bila kumwambia mtu, kwa sababu hakuna kinachokirudishia habari kidhibiti, yaani kompyuta inayoiamuru mota. Mota ya servo ina mrejesho: nyuma yake kuna enkoda, kifaa kinachohesabu kila sehemu ndogo ya mzunguko, na kidhibiti hulinganisha mahali mota ilipotakiwa kuwa na mahali ilipo, kisha husahihisha, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde.

Lakini tazama enkoda hiyo imefungwa wapi. Imefungwa kwenye mkia wa mota. Inaiona mota, haiioni meza. Mota ikifika mahali ilipoagizwa, kompyuta inaridhika na kuandika kwenye kioo namba safi kabisa, huku meza ikiwa imebaki nyuma kwa kiasi chote cha plei. Anayesema kompyuta haikosei amesema kweli kuhusu kitu ambacho si kile alichotaka kukipima.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kupima, na kipimo chake ni geji ya saa, ile yenye uso wa duara na mshale, iliyokaa juu ya kitako cha sumaku. Kitako hubandikwa kwenye kichwa cha mashine, ncha ya geji huegemezwa kwenye meza, kisha meza husogezwa upande mmoja ili upenyo wote uishe. Hapo uso wa geji huzungushwa hadi sifuri ikae chini ya mshale. Ukiiamuru meza iende milimita 1 zaidi upande ule ule, mshale utasoma milimita 1. Ukiiamuru irudi milimita 1, mshale unapaswa kurudi kwenye sifuri, na kiasi unachopungukiwa ndicho plei.

Kwenye mashine moja ya mkono tuliyokuwa tumeifunga mota, na ambayo ndiyo iliyokata tundu lile la milimita 60, mshale wa mhimili wa X ulipungukiwa 0.18. Nilikuwa na mkereza aliyenizidi umri na subira. Hakuigusa kompyuta. Alipaka grisi kwenye kitundu cha katikati cha ncha ya skrubu, akabandika gololi ndogo, akaegemeza geji juu ya gololi ile, akaniambia, “Sukuma meza kwa mikono, mwanangu. Sasa vuta.” Skrubu haikuzunguka, lakini mshale ulicheza 0.13. Maana yake skrubu nzima ilikuwa ikienda mbele na nyuma ndani ya beringi zake. Nikamwambia, “Mzee, nati mpya tumeshaiagiza.” Akajibu kwamba itakaa kabatini. Nati ya kukazia beringi ilikuwa imelegea. Aliikaza robo mzunguko kwa spana, na geji iliporudishwa kwenye meza plei ilikuwa 0.05.

Nimeisimulia habari hiyo kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanapotamka plei huwaza nati peke yake. Ulegevu hujificha kwenye beringi za mwisho wa skrubu, kwenye kiungo kinachoishika mota na skrubu, kwenye boliti za mabano ya nati, kwenye mkanda uliolegea, na hata kwenye mwili wa mashine unaopinda ukisukumwa. Geji ya mezani hukupa jumla tu. Kujua nani anadaiwa kiasi gani lazima uihamishe geji kutoka kiungo hadi kiungo.

Watakaokushauri ununue skrubu ya gololi hawakudanganyi, ila huishia nusu ya maelezo. Ndani ya nati yake kuna gololi zinazoviringika mahali ambapo jino lingesugua, hivyo msuguano ni mdogo na nati inaweza kukazwa bila kukwama. Plei hupotea pale tu gololi zinapokuwa zimebanwa tangu mwanzo, ama kwa kutiwa gololi nene kidogo kuliko njia yake, ama kwa kutumia nati mbili zinazosukumana. Skrubu ya bei nafuu yenye nati moja isiyobanwa ina plei yake. Tena usichanganye plei na daraja la skrubu: alama C7 inayoonekana kwenye matangazo ina maana kwamba katika milimita 300 za mwendo skrubu inaweza kukosea urefu kwa hadi milimita 0.05, na hilo ni kosa jingine kabisa, linalokuwepo hata usipogeuza.

Tuseme sasa vyuma vimekazwa na plei iliyobaki ni 0.05. Hapo ndipo programu inaweza kusaidia. Karibu kila kidhibiti kina mahali pa kuandika fidia ya plei: kwenye vidhibiti vya Fanuc, kampuni ya Japani, ni kigezo namba 1851, kwenye LinuxCNC, programu huria iliyochipuka kutokana na kazi ya taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ni mstari mmoja ndani ya faili la mipangilio. Ukishaiandika namba yako, kila mara mhimili unapogeuza kidhibiti huiongezea mota mzunguko wa ziada wa kuvuka upenyo, bila kuuhesabu kama mwendo wa meza. Ni hesabu nzuri, lakini imejengwa juu ya imani kwamba meza itabaki palepale ilipoachwa wakati skrubu inavuka, na kwamba upenyo ni ule ule urefu wote wa skrubu. Skrubu kuukuu huwa imelika katikati, ambako kazi nyingi hufanyika, na bado ni nzima kwenye ncha. Ukiandika namba ya katikati, kwenye ncha utakuwa umezidisha.

Imani ya kwanza ndiyo huvunjika vibaya zaidi. Fikiria gari bovu linalovutwa kwa kamba. Kwenye mlima kamba imenyooka na safari ni tulivu; kwenye mteremko gari bovu hulikimbilia la mbele, kamba hulegea, kisha hukazika ghafla kwa mshtuko. Kikatio kinaweza kukata kwa namna hizo mbili. Meno yake yakisukuma dhidi ya mwendo wa meza, meza ni gari linalopanda mlima: jino la skrubu halibanduki kwenye ukuta wake na plei haionekani. Yakivuta kuelekea upande ule ule meza inakokwenda, jambo ambalo watu hulipenda kwa kuwa huacha uso laini, meza huruka mbele kwa kiasi cha plei, jino la kikatio linapewa chuma kingi kuliko lilichopangiwa, na mara nyingi kinachofuata ni mlio wa kikatio kuvunjika. Hakuna fidia inayoweza kulizuia hilo, kwa kuwa hapo skrubu haikugeuza. Aliyeisogeza meza ni kikatio. Kwenye mashine yenye plei, kata dhidi ya mwendo.

Wakereza wa zamani walikuwa na fidia yao ya mikono. Wakizidisha kipimo, hawakurudisha gurudumu kidogo tu. Walirudi nyuma sana kisha wakakikaribia kipimo upya kutoka upande ule ule, ili skrubu iwe daima imeegemea ukuta mmoja. Vidhibiti vingi vina amri ya kufanya hivyo hivyo, kwenye Fanuc ni G60, ambayo huhakikisha kila tundu la kutoboa linafikiwa kutoka upande mmoja. Kwa kutoboa ni dawa safi. Kwa duara haisaidii, kwa sababu duara ni mgeuko mtupu.

Sasa mota, ile ya servo. Kutyuni, kama mafundi wanavyosema, ni kuchagua jinsi kidhibiti kitakavyoitikia kosa, yaani tofauti kati ya mahali mota ilipotakiwa kuwa na mahali ilipo, kwa namba tatu ziitwazo P, I na D, na mfano mmoja wa kale uko baharini. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi Mrusi aliyehamia Marekani, aliandika hesabu ya kuongoza meli bila mtu baada ya kuona namna washika usukani wanavyofanya kazi. Nahodha yeyote wa jahazi la Lamu au Zanzibar angeielewa bila hesabu. Chombo kikitoka kwenye njia, unageuza usukani kwa kadiri ya upotofu: hiyo ndiyo P. Lakini chombo ni kizito, na ukingoja hadi kielekee sawa ndipo uurudishe usukani, kitapitiliza upande wa pili. Mjuzi huurudisha mapema akiona kasi ya kugeuka: hiyo ni D, breki ya mfumo. Na kama mkondo unakisukuma chombo kidogo kidogo siku nzima, unajifunza kushikilia usukani ukiwa umeinama kiasi kufidia kosa lililokusanyika: hiyo ni I.

Utaratibu wa karakana si mgumu, ingawa unadai uvumilivu. I na D huanza kwenye sifuri. P hupandishwa polepole huku ukisikiliza na kutazama mchoro wa kosa kwenye kioo, mpaka mota ianze kunguruma au kutetemeka hata ikiwa imesimama, kisha hushushwa hadi itulie kabisa. D huongezwa ili kuzuia kupitiliza. Halafu huja kitu ambacho wengi hukiruka nacho ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote, amri ya kutangulia: kidhibiti, ambacho tayari kinajua mwendo unaokuja, huipa mota sehemu kubwa ya nguvu inayohitajika kabla kosa halijatokea, ili P na D zibaki na kazi ya kusafisha mabaki. I hutiwa mwisho na kwa uchoyo. Mwaka 1942 wahandisi Ziegler na Nichols walitoa kanuni maarufu ya kupandisha ukali wa kusahihisha, yaani P, hadi mfumo uyumbe mfululizo, kisha kuchukua asilimia 60 ya ukali huo, lakini waliitunga kwa mitambo ya viwandani ya joto na shinikizo, na inaacha mfumo ukipitiliza kabla ya kutulia. Joto likipitiliza hushuka. Chuma kilichokatwa kupita kiasi hakirudi.

Dhana kwamba ukali mkubwa ndio usahihi huvunjwa na hesabu ndogo. Bila amri ya kutangulia, meza hubaki nyuma ya amri kwa kasi ikigawanywa kwa ukali wa kusahihisha: kwa mwendo wa milimita 30 kwa sekunde na ukali wa 30 kwa sekunde, imebaki nyuma milimita 1 nzima. Inatisha, lakini X na Y zikibaki nyuma sawasawa, mstari ulionyooka unabaki umenyooka, na duara la nusu kipenyo milimita 50 linapungua milimita 0.01 tu. Sasa chukua fundi aliyeutyuni mhimili mmoja vizuri kuliko mwenzake, mmoja ukabaki nyuma milimita 1 na mwingine 1.1. Duara lile linageuka yai lililolala mshazari: kipenyo kimoja cha mshazari ni 100.1 na cha pili 99.9. Tofauti ndogo kati ya mihimili imeharibu kazi kuliko ubakiaji nyuma wenyewe. Ndiyo maana ni afadhali mihimili miwili ya wastani inayolingana kuliko mmoja hodari na mwingine mzembe.

Hapo msomaji ataona kwa nini lawama huchanganyika, kwani plei nayo hupinda duara kwa mshazari. Tundu letu, lililokuwa na plei ya 0.18 kwenye X pekee, lilipima karibu 60.13 kwa mshazari mmoja na 59.87 kwa mwingine. Tofauti yao iko kwenye alama. Plei ya X huacha kidato mahali namba 3 na namba 9 zilipo kwenye uso wa saa, ambako X inageuza. Ya Y huacha kwenye 12 na 6. Ukucha unakinasa kidato hicho. Yai la kutyuni vibaya ni laini pande zote. Na kama bado una shaka, kata duara moja taratibu na jingine haraka: yai hukua kadiri ya kasi, plei ya 0.18 haijali uende vipi.

Mambo haya mawili hukutana mahali pamoja, na ndipo mpangilio wa kazi unapokuwa na maana. Mota inapovuka upenyo haina mzigo wa meza, hivyo ukali uliokuwa unafaa unakuwa mwingi mno kwa muda huo, nayo hunguruma. Fundi akisikia mngurumo hushusha ukali, na mashine nzima inakuwa nzito kwa kosa la boliti moja. Mwingine huamua kununua rula ya kioo yenye enkoda na kuifunga kwenye meza, ili kompyuta hatimaye iione meza. Ni kifaa kizuri kwenye mashine iliyokaza. Kwenye mashine yenye plei kidhibiti huona meza imebaki nyuma, husukuma. Mota huvuka upenyo bila kitu kutokea, husukuma zaidi. Meza huruka na kupitiliza. Kidhibiti hurudi nyuma, na upenyo uko tena mbele yake. Meza hucheza huku na huko bila kutulia, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Mashine zinazotumia rula hizo vizuri huiachia enkoda ya mota kazi ya kasi na kuipa rula kazi ya mahali tu, na hata hivyo hutaka upenyo uwe mdogo kwanza.

Kwenye mashine yetu tuliandika fidia ya 0.05, tukautyuni upya mhimili wa X kisha tukaishusha Y kidogo ilingane nao, tukakata tundu jingine dhidi ya mwendo. Beringi iliingia kwa kusukumwa na viganja. Nati mpya ilifika wiki mbili baadaye na ingali kabatini, ndani ya karatasi yake ya mafuta.